Django imepanda toleo, kanzidata imegoma: namna ya kukitafuta kiungo kilichoachia

Ilikuwa saa nne na robo usiku, Jumamosi, Ngamiani, Tanga mjini. Mtaa umeshatulia, duka la dawa limefungwa mlango wa mbele, nami nimeketi nyuma ya kaunta na kompyuta ya mauzo. Kazi ilionekana ndogo: kuupandisha mfumo wa mauzo na stoku, uliojengwa juu ya Django, fremuweki ya lugha ya Python, kutoka Django 3.2, ambayo msaada wake ulikoma Aprili 2024, kwenda 5.1. Pakiti zilishuka vizuri, hakuna kilicholalamika. Nikawasha mfumo. Badala ya ukurasa wa kuingia, dirisha la amri likajaa mistari, na ule wa mwisho ukasema, kwa maana yake, kwamba inatakiwa MariaDB, yaani kanzidata inayotunza data ya duka, ya 10.5 au zaidi na iliyokutwa ni 10.4.32.

Mama mwenye duka alikuwa bado anapanga boksi za mwisho kwenye rafu. "Mwanangu, mashine imeamka?"

"Bado, mama. Nipe nusu saa."

Nusu saa ikawa saa mbili na nusu, kwa sababu mstari ule niliuona lakini sikuusoma. Macho yalidaka neno MariaDB, kichwa kikaamua kwamba draiva, pakiti inayouunganisha mfumo na kanzidata, imeharibika. Nikaing'oa mysqlclient na kuisakinisha upya mara tatu, mpaka bando likaniishia. Draiva haikuwa na kosa lolote.

Tangu usiku ule nimekaa na vijana kadhaa wanaotengeneza mifumo hapa Tanga, mmoja ana mfumo wa shule, mwingine wa mizani ya wanunuzi wa machungwa Muheza, na malalamiko yao huja kwa maneno yaleyale: "Nime-apdeti, database imekataa." Sentensi hiyo inaficha watu wanne nyuma ya mmoja. Tuwatenganishe.

Wa kwanza ni fremuweki yenyewe, hapa Django, inayogeuza msimbo wako wa Python kuwa maswali ya SQL, lugha ya kanzidata. Wa pili ni draiva, pakiti ya Python inayopokea SQL hiyo na kuipeleka. Wa tatu ni maktaba ya lugha ya C ambayo draiva imejengwa juu yake: kwa kanzidata ya PostgreSQL ni libpq, kwa MySQL na MariaDB, iliyochipuka kutoka MySQL, ni maktaba yao ya mteja. Huyu ndiye husahauliwa zaidi, maana haonekani ukiorodhesha pakiti za pip, programu inayosakinisha pakiti za Python. Wa nne ni seva ya kanzidata. Chini yao wote kuna Python, ambayo nayo ina toleo lake, na draiva iliyojengwa kwa ajili ya Python moja haipandi juu ya nyingine.

Wazee waliofanya kazi bandari yetu wanaikumbuka vizuri habari ya matishari. Kina cha maji gatini kilikuwa kidogo, kwa hiyo meli kubwa zilitia nanga mbali, shehena ikashushwa kwenye matishari, nayo yakavutwa hadi gatini. Ilikuwa hivyo kwa miaka mingi, mpaka bandari ilipochimbwa kufikia kina cha mita 13. Tishari si meli wala si gati, lakini likishindwa kukaa sawa ubavuni mwa meli, au likishindwa kuufikia ukingo wa gati, mzigo haushuki hata kama meli ni nzima na gati ni zima. Draiva ndiyo tishari. Inapaswa kuelewana na pande mbili kwa wakati mmoja, na ukipandisha toleo la fremuweki umebadilisha meli tu. Gati, yaani seva, ni lilelile la zamani.

Usiku ule wa Ngamiani tishari lilifika gatini salama, likarudi na habari za gati, na meli ndiyo iliyokataa. Mtu akisoma ujumbe kwa utulivu anaona hivyo moja kwa moja: ili Django ijue kwamba seva ni 10.4.32, lazima mtu awe ameshaunganika na seva na kuiuliza toleo lake. Aliyeunganika ni draiva. Kwa hiyo draiva ni nzima. Ningefikiri hivyo kwa dakika moja, ningekuwa nimelala saa tano.

Sababu yenyewe iko wazi. Django 5.1, iliyotoka Agosti 2024, iliacha kuitambua MariaDB 10.4 kwa kuwa watengenezaji wa MariaDB walimaliza kuihudumia Juni mwaka huo. Kompyuta ya duka ilikuwa na XAMPP, furushi linalosakinisha seva ya tovuti na kanzidata kwa pamoja, kama kompyuta nyingi za biashara ndogo hapa kwetu, na XAMPP 8.2.12 ya Windows inakuja na MariaDB hiyohiyo 10.4.32. Kinachowapoteza wengi ni kwamba kwenye dirisha la XAMPP kitufe kimeandikwa MySQL. Mtu anaapa kabisa kwamba anatumia MySQL. Muulize seva mwenyewe kwa `SELECT VERSION();` naye atajitaja. Ukiiuliza draiva badala ya seva, wakati mwingine jibu huja na 5.5.5- mbele ya namba halisi. Hicho ni kiambishi ambacho MariaDB za 10 ziliwekewa kwa ajili ya programu za zamani, kwa hiyo soma namba inayofuata baada ya kistari.

Ukitafuta ufumbuzi mtandaoni utakutana na ushauri wa kuingia ndani ya msimbo wa Django na kuzima ukaguzi wa toleo. Nakuomba usifanye hivyo kwenye mfumo wa mtu anayekula kwa mfumo huo. Namba ile ina kazi. MariaDB 10.5 ndiyo iliyoleta uwezo wa amri ya INSERT kurudisha thamani za mstari uliotoka kuingizwa, kwa neno RETURNING. Django 5.1 inaamini kila MariaDB inayokutana nayo inalijua neno hilo, kwa hiyo inalituma kila inapohifadhi kitu kipya. Ukinyamazisha ukaguzi, mfumo utafunguka, kurasa zitaonekana, utafurahi. Kisha mteja wa kwanza atakuja kununua panado, kijana wa kaunta atabonyeza kuhifadhi, na seva ya 10.4 itajibu kwamba haielewi SQL iliyo karibu na neno RETURNING. Umeuhamisha ugomvi kutoka usiku ukiwa peke yako hadi asubuhi foleni ikiwa imesimama.

Udanganyifu wa namna hii una historia. PyMySQL ni draiva iliyoandikwa kwa Python tupu, haihitaji maktaba ya C, na ina njia ya kujitambulisha kwa jina la MySQLdb ili Django iichukue. Watu wengi wa Windows waliipenda kwa sababu mysqlclient iliwagomea kusakinishwa. Django 2.2 ilipokuja ikadai mysqlclient 1.3.13 au zaidi, ujumbe ukasema iliyopo ni 0.9.3, namba ya PyMySQL yenyewe, na mifumo ikasimama. Suluhisho lililoenea likawa kuipaka PyMySQL namba ya uongo kwenye mistari miwili ya msimbo. Nimeshafungua mifumo ambayo mistari hiyo bado imo humo, na aliyeirithi hajui inafanya nini. Nyaraka za Django zinapendekeza mysqlclient. Kama unaweza kuisakinisha, isakinishe, na mistari ile uifute.

Kuhusu kusakinisha, nitapita haraka. Django ikikuambia imeshindwa kupakia moduli ya MySQLdb na kukuuliza kama umesakinisha mysqlclient, bado hata hujafika baharini. Draiva haipo kwenye Python inayoendesha mfumo. Mara nyingi ipo kwenye Python nyingine, nje ya mazingira pepe ya mradi, na ndiyo maana ni bora kuandika `python -m pip install mysqlclient` kuliko pip peke yake: unakuwa na hakika pakiti inaingia kwenye Python unayoitumia. Kwenye Ubuntu inahitaji pkg-config, vifaa vya kujengea na faili za default-libmysqlclient-dev. Kwa PostgreSQL, lalamiko la kukosekana kwa pg_config maana yake libpq-dev haijawekwa. Kwenye Windows, ukiwa na Python mpya sana ambayo bado haijatolewa draiva iliyokwisha jengwa, pip itajaribu kuijenga yenyewe na kukudai vifaa vya C++ vya Microsoft. Shuka toleo moja la Python, kazi iishe.

Wenzangu wa Laravel, fremuweki ya lugha ya PHP, wana ndugu wa tatizo hili. Laravel 11 inataka PHP 8.2 kwenda juu. Mtu anaweka PHP mpya, anasahau kwamba kiendelezi cha MySQL husakinishwa kwa kila toleo la PHP peke yake, na mfumo unasema haukuona draiva. Tena PHP ya dirisha la amri na PHP inayohudumia tovuti zinaweza kuwa mbili tofauti, kwa hiyo kazi ikikubali kwenye amri na kukataa kwenye kivinjari, anzia hapo.

Turudi kwenye kisa kigumu zaidi, pale ambapo tishari ndilo jipya na meli ni ya zamani. Juni 2021 ilitoka psycopg2 2.9, draiva ya PostgreSQL. Mifumo ya Django 2.2 na 3.0 ikaanza kuanguka ikilalamika kwamba muunganiko wa kanzidata haujawekwa kwenye saa za UTC, saa ya pamoja ya dunia. Watu walikagua seva: iko UTC. Walikagua mipangilio: iko UTC. Kilichotokea ni kitu kidogo mno. Django za wakati ule zilipokea tofauti ya saa kutoka kwa draiva na kuuliza swali moja: je, hii si sifuri? Ikiwa si sifuri, anguka. Draiva ya zamani ilileta sifuri ambayo ni namba. Draiva mpya ilileta muda wenye urefu wa sifuri, kitu cha aina nyingine kabisa ndani ya Python, na Python ikiulizwa kama muda wa sifuri ni sawa na namba sifuri hujibu hapana. Pande zote mbili zilikuwa zinasema UTC, lakini hazikutumia sifuri moja.

Wengi walioumia pale hawakupandisha kitu chochote kwa makusudi. Walihamia seva mpya, wakasakinisha pakiti kutoka kwenye orodha iliyoandika psycopg2 bila namba, na pip ikawaletea toleo jipya kuliko yote. Kwenye orodha ya mahitaji andika mpaka wa juu pia, kwa mfano `psycopg2>=2.8,<2.9` kwa mfumo wa aina ile. Namba ya chini peke yake inakulinda na jana, haikulindi na kesho.

PostgreSQL ina mtego mwingine. Kuanzia Django 4.2 ya Aprili 2023 unaweza kutumia psycopg 3, ambayo kwenye pip jina lake ni psycopg tu, bila tarakimu. Jina la injini kwenye mipangilio halibadiliki. Django hutafuta psycopg kwanza, ikiikosa ndipo hurudi kwa psycopg2. Maana yake, ukiwa na zote mbili, mpya ndiyo inayofanya kazi, hata kama iliingia kwa kuburutwa na pakiti nyingine na wewe hukuiita. Kurasa nyingi hazitaonyesha tofauti. Utaiona pale ulipoandika SQL kwa mkono: kupitisha tuple ya thamani kwa `IN %s` kulikokubalika psycopg2 hakukubaliki tena, na badala yake unapitisha orodha (list) kwa `= ANY(%s)`.

Kuna pia gati linaloweza kubadilisha kufuli. MySQL 8.0, iliyotoka Aprili 2018, ilifanya caching_sha2_password kuwa njia ya kawaida ya kuhakiki nywila. PostgreSQL 14 ya 2021 ikahamia scram-sha-256. Maktaba za C za zamani hazizijui njia hizi, na hapo ujumbe utataja programu-jalizi ya uhakiki au utadai libpq 10 au zaidi. Ushauri wa haraka ni kumrudisha mtumiaji kwenye njia ya zamani. Kwa MySQL njia hiyo, mysql_native_password, imezimwa kwenye 8.4 isipokuwa uiwashe mwenyewe, na kwenye 9.0 imeondolewa kabisa. Pandisha maktaba ya mteja. Na kama unatumia PyMySQL, iongezee pakiti ya cryptography.

Sasa namna ninavyotafuta kiungo chenyewe siku hizi. Naanzia gatini kuja melini. Kwanza naingia kwenye seva kwa programu yake yenyewe, nikitumia jina, nywila na anwani zilezile zilizo kwenye mipangilio ya mfumo. Kwenye Linux naandika 127.0.0.1, siandiki localhost, kwa sababu localhost humpitisha mteja wa MySQL kwenye soketi ya ndani, na unaweza kufaulu kwa njia ambayo mfumo wako hauitumii. Ikikataa hapa, Django haihusiki kabisa. Ikikubali, nafungua Python ya mradi, bila Django, na kuandika mistari mitatu:

```
import MySQLdb
c = MySQLdb.connect(host="127.0.0.1", user="duka", passwd="*", db="dawa")
print(c.get_server_info())
```

Mstari wa kwanza ukianguka, draiva haipo au imejengwa kwa Python nyingine. Wa pili ukianguka, ugomvi uko kati ya draiva, maktaba yake ya C na seva, na mara nyingi ni uhakiki wa nywila. Mitatu ikipita, ndipo naita `python manage.py check --database default`. Kikianguka hapo, ni Django na draiva, au Django na toleo la seva. Dakika tano. Kila hatua inamwondoa mtu mmoja kwenye lawama.

Yale ya duka yaliishaje? Nilishuka hadi Django 4.2, ambayo inaikubali MariaDB 10.4, na saa saba kasoro ya usiku ukurasa wa kuingia ukafunguka. Kukataliwa mlangoni kulikuwa na heri yake: hakuna jedwali lililoguswa, hivyo kurudi nyuma hakukuhitaji kurudisha chochote kutoka nakala rudufu. Wiki mbili baadaye nilisakinisha MariaDB 10.11 peke yake, nje ya XAMPP, nikahamisha data kwa mysqldump, programu ya kunakili kanzidata, nikahesabu mistari ya kila jedwali pande zote mbili, kisha nikapanda hadi Django 5.2.

Na hapo likaja kosa ninaloliogopa kuliko yote, lile lisilopiga kelele. Kila kitu kilifunguka. Siku ya pili kijana wa kaunta akaniita. "Kaka, njoo uone. Juzi nilimuuzia mzee mmoja dawa za presha saa tatu na dakika arobaini asubuhi, namkumbuka. Hapa inasema saa sita na dakika arobaini."

Saa tatu mbele, sawasawa. Tanzania iko saa tatu mbele ya UTC, kwa hiyo tofauti ikiwa ya saa tatu kamili hakuna haja ya kuishuku draiva. Kuanzia Django 5.0 mpangilio wa USE_TZ, unaoamua kama saa zihifadhiwe kwa UTC, usipoandikwa, huchukuliwa kuwa ni kweli. Kabla ya hapo ulichukuliwa kuwa si kweli. Faili la mipangilio la duka lilikuwa halina mstari huo, niliufuta mwenyewe miaka iliyopita nikiona hauna kazi. Kwa hiyo mauzo ya zamani, yaliyohifadhiwa kwa saa ya Tanga, sasa yalisomwa kama ni UTC na kuongezewa saa tatu yakionyeshwa. Duka hufunga saa nne usiku. Kila kilichouzwa baada ya saa tatu usiku kilihamia kesho yake, na jumla ya kila siku ya nyuma ikawa si ile iliyoandikwa kwenye daftari la mama.

Ubaya wake zaidi ni kwamba mauzo mapya yalikuwa yanahifadhiwa kwa UTC halisi na kuonekana sawa. Kila saa iliyopita iliongeza mchanganyiko ndani ya jedwali moja, bila alama ya kutofautisha. Nilisimamisha mauzo ya kompyuta kwa robo saa wakaandika kwa mkono, nikarudisha `USE_TZ = False`, kisha nikayatafuta mauzo yote yaliyoingia tangu dakika mfumo mpya ulipowashwa na kuyaongezea saa tatu. Dakika hiyo niliijua kwa sababu nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi. Yalikuwa machache, nikayapitia moja moja na kijana yule pamoja na stakabadhi zake.

Kuna jambo la aina hiyohiyo kwa wanaotumia UUIDField, sehemu ya Django ya kutunza UUID, yaani kitambulisho kirefu cha kipekee cha rekodi. Kwenye MariaDB 10.7 kwenda juu, Django 5.0 iliacha kuiweka kama herufi 32 na kutumia aina ya UUID ya kanzidata yenyewe. Majedwali yaliyojengwa zamani yanabaki na herufi, Django inayasoma kwa matarajio mengine, na kutafuta kwa UUID kunaweza kurudi mikono mitupu ilhali rekodi ipo. Nyaraka za toleo hilo zinaeleza namna ya kutengeneza sehemu maalumu ya kuendelea na herufi 32. Ukiwa na mfumo wa namna hiyo, lifanye kabla ya kuwasha.

Ile karatasi bado imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la kompyuta, pale dukani. Ina matoleo matano, ya Python, Django, mysqlclient, maktaba ya C na MariaDB, na chini yake tarehe na saa ya kila mara nilipogusa kitu. Mama aliniuliza ni dawa ya nini, nikamwambia ya mashine. Juzi nimekuta ameandika pembeni, kwa mwandiko wake, siku ambayo fundi wa umeme alibadilisha soketi.